Atachimenti ya Ustawi wa Jamii Nairobi: Kuanzia Barua ya Chuo hadi Ripoti

Kila muhula maswali ni yale yale. Nianze kutafuta nafasi lini? Nikifika nyumbani kwa watu niseme nini? Shirika linanituma fotokopi tu, nifanyeje? Mama ameniomba pesa ya unga, nimpe? Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa shahada ya ustawi wa jamii anayejiandaa kwa atachimenti yake ya kwanza, yaani mafunzo ya kazini, hapa Nairobi. Nadharia utaipata darasani. Hapa ni kazi yenyewe.

Vyuo havilingani kwa muda. Tumechukulia wiki 12, siku 5 kwa wiki, saa 8 kwa siku, yaani saa 480. Kama idara yako imeweka muda mwingine, badilisha hesabu. Hatua ni zile zile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Barua ya utambulisho kutoka idarani, yenye muhuri na tarehe kamili za kuanza na kumaliza. Chukua nakala 8 hivi, kwa sababu mashirika mengi hayatajibu.
- Wasifu wako, ukurasa mmoja. Taja kozi ulizomaliza na lugha unazozungumza. Kisomali, Kikamba au lugha ya ishara inaweza kukupatia nafasi mbele ya mwenye alama za juu.
- Cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai. Popote penye watoto utaulizwa. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unapeleka alama za vidole, na baada ya hapo unasubiri. Anza mapema.
- Bima ya ajali. Uliza ofisi ya mkuu wa kitivo kama chuo kimewakatia wanafunzi wote au unajikatia mwenyewe.
- Nauli. Nafasi nyingi hazilipi chochote. Ukitumia shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, siku 60 ni shilingi 12,000, na hiyo ni kwa anayepanda matatu moja. Mvua ikinyesha nauli hupanda, kwa hiyo weka akiba kidogo juu yake.
- Daftari dogo la mfukoni, logibuku ya chuo (daftari la kuandika kazi za kila siku), na kalamu ya wino. Penseli hufutika, na kumbukumbu ya mteja haifutwi.
- Viatu vilivyofunika mguu, ambavyo huogopi vipate matope.

Hatua ya 1. Chagua aina ya kazi kabla ya jina la shirika

Wengi hukimbilia jina kubwa. Wakishaingia, wanakuta mtu wa kuwasimamia ni mhasibu au afisa wa miradi ambaye hajawahi kufungua faili la mteja. Kwa atachimenti ya kwanza, shirika dogo lenye mtaalamu mmoja wa ustawi wa jamii aliye ofisini kila siku linashinda jengo la ghorofa kumi lisilo na yeyote.

Nairobi ina nafasi za kila aina. Kwenye ofisi za watoto za kaunti ndogo utaona kesi za matunzo, utelekezaji na watoto waliopotea. Hospitalini, kama Kenyatta, Mathari au Mama Lucy Kibaki, utashughulika na wagonjwa wasio na ndugu, bili zisizolipika na mipango ya kumrudisha mtu nyumbani. Mashirika ya mtaani Kibra, Mathare, Mukuru na Korogocho yatakufundisha kutembea nyumba hadi nyumba. Eastleigh kuna kazi na wakimbizi wanaoishi mjini.

Ukichagua makao ya watoto, uliza swali moja kabla ya kukubali: mnafanya kazi ya kutafuta familia na kuwarudisha watoto nyumbani? Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unalenga watoto kulelewa kwenye familia na jamii badala ya makao. Makao yasiyofanya kazi hiyo yatakuweka wiki 12 ukisimamia kazi za nyumbani za shule, na hutakuwa umejifunza ustawi wa jamii.

Maswali mawili ya kuuliza popote: nani atanisimamia, na amesomea nini? Wanafunzi waliotangulia walifanya kazi gani hasa? Ukijibiwa kwa kubabaisha, endelea kutafuta.

Hatua ya 2. Peleka barua miezi mitatu kabla

Mei hadi Agosti wanafunzi wa vyuo vingi hutafuta nafasi kwa wakati mmoja. Anayetaka kuanza Mei apeleke barua Februari. Ipeleke kwa mkono, kisha tuma nakala kwa barua pepe siku hiyo hiyo, na uandike jina la aliyeipokea na tarehe. Baada ya siku 10 piga simu, umtaje aliyepokea kwa jina. Ofisi za serikali mara nyingi hutaka idhini kutoka ngazi ya juu, kwa hiyo uliza siku ya kwanza kabisa barua inaanzia wapi.

Hatua ya 3. Andikeni mkataba wa mafunzo wiki ya kwanza

Ni ukurasa mmoja, wewe na msimamizi mnatia sahihi, na nakala inakwenda chuoni. Usiandike "kujifunza kuhusu jamii". Andika kitu kinachohesabika: "Kufikia wiki ya 10 niwe nimeshiriki tathmini 6 za familia, 4 nikimsaidia msimamizi na 2 nikiongoza mazungumzo mwenyewe." Mgao unaofanya kazi ni huu: wiki 1 na 2 unasoma mafaili na kutazama, 3 na 4 unafuatana na mfanyakazi wa shirika, 5 hadi 10 unaongoza ukiangaliwa, 11 na 12 unafunga kesi na kukabidhi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuokoa siku ukigeuzwa mtu wa fotokopi.

Hatua ya 4. Chora ramani ya watu

Nairobi ina kaunti ndogo 17, na mipaka yake haifuati majina ya mitaa. Mukuru kwa Njenga iko Embakasi Kusini. Mukuru Kayaba iko Starehe. Ukimtuma mama kwenye ofisi isiyo yake, anapoteza nauli na siku ya kibarua, na pengine harudi tena.

Kwa eneo lako andika jina, simu na siku za kupatikana za hawa: chifu na naibu wake, mzee wa mtaa, afisa wa watoto, afisa wa maendeleo ya jamii anayeshughulikia Inua Jamii (mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza), mhamasishaji wa afya ya jamii, zahanati iliyo karibu, walimu wakuu wa shule mbili tatu, na dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi. Kisha nenda mwenyewe ukahakikishe. Namba iliyobandikwa ukutani miaka mitatu iliyopita huenda haipokelewi tena.

Hatua ya 5. Kutembelea nyumba

Hapa ndipo wanafunzi huogopa zaidi, na ndipo kazi hii ilipo.

Piga simu kwanza. Mama anayefua nguo za watu hatoki nyumbani saa nne ili akungoje. Saa hiyo yuko Eastleigh au South C akitafuta kibarua. Uliza saa inayomfaa yeye. Ikiwa ni jioni, hakikisha umetoka mtaani kabla ya saa kumi na mbili.

Nendeni wawili, na ikiwezekana mmoja awe mhamasishaji wa afya, kwa sababu anajulikana na anajua njia. Mwachie mtu ofisini orodha ya mnakokwenda na saa ya kurudi. Usibebe laptopu. Ukiambiwa na mwenzako anayeujua mtaa "leo turudi", rudini bila kuuliza kwa nini mkiwa bado mtaani.

Piga hodi, ungoje. Nyumba ya chumba kimoja haina sebule. Ukiingia umeingia chumbani kwa mtu. Ukikaribishwa, kaa unapoonyeshwa, hata kama ni kitandani au kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kubaki umesimama ni kumwambia mwenye nyumba kwamba kiti chake hakikufai. Mwite anavyoitwa mtaani, Mama Brian, Mzee, Shosho, mpaka akuambie vingine. Kisha jitambulishe hivi:

"Naitwa fulani. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, niko kwenye mafunzo na shirika hili, na huyu ndiye tunayefanya kazi naye. Ningependa tuongee kuhusu shule ya watoto kwa kama dakika 40. Nitaandika mambo machache, na unaweza kuniuliza nimeandika nini. Usipotaka kujibu swali, usijibu. Sina pesa wala kitu cha kugawa leo. Ni sawa tuendelee?"

Sentensi ya pesa watu huiruka kwa aibu. Usiiruke. Ukikaa saa nzima ukiuliza familia imekula nini jana, mtu ana haki ya kudhani umekuja na kitu. Akijua mapema huna, anajua pia kwamba majibu yake hayamnunulii wala hayamnyimi chochote.

Chai ukipewa, kunywa kidogo ushukuru, isipokuwa shirika limekataza. Jirani akiingia, badili mazungumzo yawe ya mvua au ya bei ya sukari mpaka aondoke. Mtoto akitaka kukueleza jambo, usimtoe nje mkaongee peke yenu bila msimamizi kujua.

Usipige picha. Hata ya mlango. Picha ya mtoto wa mteja kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa inavunja siri ya mteja na inaweza kukiuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata ukiifuta hujui nani ameihifadhi.

Hatua ya 6. Kuandika

Andika siku hiyo hiyo, kabla hujalala. Tazama maandishi haya mawili ya ziara moja. Tumeyatunga kwa mfano.

La kwanza: "Nilitembelea familia. Mama ni mlevi na hajali watoto. Nyumba ni chafu. Nilimshauri abadilike."

La pili: "Jumanne, 10:10 hadi 10:55. Faili 014. Chumba kimoja cha mabati. Walikuwepo mama na watoto 2 kati ya 3. Mtoto wa miaka 9 yuko nyumbani siku ya shule. Mama alisema, 'Hana sweta ya shule, mwalimu alimrudisha Ijumaa.' Kulikuwa na harufu ya pombe chumbani. Mama alizungumza vizuri na kujibu maswali yote. Sufuria ilikuwa na ugali wa jana. Unga uliobaki ni kama nusu pakiti. Maji yalikuwa yamemwagika sakafuni, mtungi umepasuka. Hatua: kumwona mwalimu mkuu kabla ya Ijumaa kuhusu sweta (mimi); kumuuliza msimamizi kama shirika lina sare."

La kwanza ni hukumu, na litabaki kwenye faili hilo miaka mingi baada yako. Afisa atakayelisoma mwakani ataingia nyumba ile akitafuta mlevi. La pili linasema kilichoonekana, kilichosikika, na nani atafanya nini lini. Angalia hiyo harufu ya pombe: kuta za mabati hazizuii harufu, na huenda inatoka kwa jirani anayepika chang'aa. Ukiandika harufu, umesema kweli. Ukiandika mlevi, umebuni.

Makosa mengine mawili ni ya kwetu hasa, na vitabu vya nje havitakuonya.

Saa. Mteja anasema "alitoka saa nne", wewe unaandika ripoti kwa Kiingereza usiku ukiwa umechoka, unaweka 4:00. Umekosea kwa saa sita, na kwenye kesi ya mtoto aliyepotea saa sita ni nyingi mno. Kwenye daftari andika kwa tarakimu za saa 24 tangu mwanzo, na uulize: ya asubuhi au ya usiku?

Lugha. Mnaongea Kiswahili na Sheng, ripoti inataka Kiingereza. Maneno mazito yaache kama yalivyosemwa, ndani ya alama za kunukuu, kisha weka tafsiri chini yake. "Nimechoka na maisha" inaweza kuwa uchovu wa kazi, au mtu anayefikiria kujiua. Ukiitafsiri haraka kuwa uchovu, umeifuta hatari kwenye karatasi. Muulize pale pale kwa sauti ya kawaida: "Ukisema umechoka na maisha, umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, piga simu kwa msimamizi ukiwa hapo hapo, na apelekwe hospitali siku hiyo.

Tumia namba ya faili badala ya jina, daftarini na kwenye ripoti. Orodha ya majina na namba hukaa kwenye kabati la ofisi lenye kufuli, kamwe si kwenye mkoba wako ndani ya matatu.

Hatua ya 7. Kutoa rufaa

Rufaa, yaani kumpeleka mteja kwa anayeweza kumsaidia, ni zaidi ya kumwambia mtu "enda Huduma Centre". Rufaa kamili ina jina la atakayempokea, siku, karatasi za kubeba, nauli imetoka wapi, na simu yako ya kufuatilia baada ya siku 3. Haya ndiyo utakayokutana nayo sana:

*Mtoto aliye hatarini.* Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ndiye mwenye mamlaka, chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Namba 116, ya kuripoti shida za watoto, hupokelewa bila malipo saa 24. Usimchukue mtoto ukampeleka kwako, hata usiku mmoja, hata ukiwa na nia njema kabisa.

*Ukatili wa kingono.* Hospitali kwanza, polisi baadaye. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Za kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Matibabu haya hayalipiwi kwenye hospitali za umma. Aliyetendewa asioge. Nguo alizovaa zifungwe kwenye bahasha ya khaki au gazeti, sio mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu ndani ya plastiki huharibu ushahidi. Hospitali inajaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji. Fomu ya P3, ya ushahidi wa majeraha, inatoka polisi. Namba 1195 hutoa msaada bila malipo.

*Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa.* Uzazi uliopita miezi 6 bila kusajiliwa ni usajili wa kuchelewa na unataka karatasi zaidi. Anza na kadi ya kliniki na kitambulisho cha mama, na umwone chifu.

*Mzee asiye na kipato.* Inua Jamii hulipa shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa wazee umri ni kuanzia miaka 70. Usajili hufunguliwa kwa awamu. Mpeleke kwa afisa wa maendeleo ya jamii, na usimwambie "utapata". Sema "tutauliza". Shosho aliyeahidiwa na mwanafunzi atakaa mlangoni akingoja.

Hatua ya 8. Kikao cha usimamizi

Saa moja kila wiki, siku ile ile. Njoo na kesi moja iliyokukwamisha, uamuzi mmoja unaotaka ukosolewe, na jambo moja lililokuumiza. La tatu wanafunzi hulificha wakidhani ni udhaifu. Ukiona huli vizuri, au unaota nyumba ulizotembelea, lilete mezani.

Hatua ya 9. Kuaga

Anza wiki ya 10. Mwambie kila mteja tarehe ya siku yako ya mwisho, kisha mkutanishe na atakayebaki naye, ana kwa ana. Watoto hasa wamezoea watu wazima wanaopotea bila neno. Usiwe mmoja wao.

Hatua ya 10. Ripoti

Fuata mpangilio wa idara yako. Maelezo ya shirika yasizidi kurasa 3, maana historia yake iko kwenye brosha. Nusu ya ripoti iwe kazi uliyofanya, na kesi mbili zilizoelezwa kwa kina, zikiwa zimefichwa kiasi kwamba hata jirani wa mteja akisoma hamtambui. Kuondoa jina pekee hakutoshi ikiwa umeandika mtaa, ugonjwa na idadi ya mapacha.

Mambo yakienda mrama

*Unapewa kazi za ofisi tu.* Wiki ya 3 isipite. Chukua mkataba wa mafunzo, onyesha lengo ambalo halijaanza, na upendekeze siku mbili za mtaani kwa wiki. Ikishindikana, mwandikie msimamizi wa chuo kabla ya wiki ya 5, wakati bado kuna muda wa kukuhamisha.

*Mteja anaomba pesa.* Usitoe kutoka mfukoni. Ukimpa huyu, wa nyumba ya pili atauliza kwa nini si yeye, na kesho mazungumzo yote yatakuwa ya pesa. Pokea ombi kwa heshima, liandike kama hitaji, lipeleke ofisini. Ikiwa watoto hawajala tangu jana, mpigie msimamizi pale pale. Mashirika mengi yana njia ya dharura.

*Logibuku haijatiwa sahihi kwa wiki kadhaa.* Usiijaze kwa kubuni. Ipeleke na daftari lako la mfukoni, lenye tarehe, na muombe msimamizi apitie wiki moja moja.

*Umeombwa utie sahihi orodha ya mahudhurio ya watu ambao hawakuwepo.* Kataa, sema hukuwaona, na umweleze msimamizi wa chuo siku hiyo hiyo kwa maandishi.

*Mteja anakupigia baada ya atachimenti kuisha.* Pokea. Mkumbushe kwa upole kwamba umemaliza, mtajie tena jina na simu ya aliyechukua kesi yake, kisha mpigie huyo mfanyakazi umweleze kwamba ametafutwa. Halafu futa namba ya mteja kwenye simu yako.